"Do" inapogoma: dalili, chanzo na marekebisho

Katika swali "What do you do?" kuna "do" mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya pili ndiyo "fanya" unayoijua, inauliza shughuli yako. Ya kwanza haina kitendo chochote ndani yake. Imewekwa pale ibebe wakati na ionyeshe kwamba hili ni swali, basi. Badilisha ya pili uweke "sell", unapata "What do you sell?", swali ambalo mama wa genge pale Majengo anaweza kuulizwa na mgeni yeyote. Ya kwanza imebaki palepale.

Hitilafu nyingi ninazokutana nazo kwenye barua za maombi ya kazi, kwenye mazoezi ya usaili na kwenye mazungumzo na wageni hapa Dodoma zinaanzia hapo: mtu amezichukua "do" zote akazipa tafsiri moja. Wala si ajabu. Wengi wetu tulisoma kila kitu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu kidato cha kwanza tukakuta baiolojia, jiografia na hisabati zimegeuka Kiingereza kwa mkupuo mmoja. Neno dogo la herufi mbili nani angekaa kulifafanua?

Tafuta dalili yako hapa chini, zisizokuhusu ziruke. Ile "do" ya kwanza nitaiita mbebaji. Vitabu vya sarufi vinaiita kitenzi kisaidizi, lakini jina hilo halikuambii inasaidia nini.

Dalili: "Did you went?", "I didn't saw him"

Wakati uliopita umewekwa mara mbili. "Did" imeshaubeba, wewe ukaurudia kwenye kitenzi.

Dawa yake mswahili anayo nyumbani. Chukua "nilienda". Ikanushe: "sikuenda". Ile "li" imekwenda wapi? Imeondoka, "ku" ikashika nafasi yake. Hata mtoto wa chekechea hasemi "sikulienda". Kiingereza kinafanya jambo lilelile: "I went", ukikanusha, inakuwa "I didn't go". Wakati umehamia kwenye "did", na "go" imebaki tupu. Kwa hiyo "I didn't went" ni "sikulienda" iliyovaa suti. Ukishaisikia hivyo, sikio lenyewe litaanza kukataa.

Kwenye maandishi, kagua hivi: tafuta kila "did" na "didn't", kisha tazama kitenzi kinachofuata. Kinatakiwa kiwe katika umbo lile ambalo kamusi imelitolea maana. Ukitafuta "went", kamusi itakurudisha kwenye "go", kwa hiyo hapo pana kosa. Kuwa makini na "saw" tu, maana utaikuta kwenye kamusi imejitegemea, ila kinachoelezwa pale ni msumeno.

Wapo pia wanaoiacha "do" kabisa: "I know not", "Why come you late?" Hawa mara nyingi masikio yao yamelelewa na Biblia ya Kiingereza ya zamani, ile ya King James iliyotoka mwaka 1611. Enzi hizo "do" mbebaji ilikuwa inatumika lakini haijawa lazima. Fungua Mathayo sura ya 26, pale Petro anapomkana Yesu. Mstari wa 72 anasema "I do not know the man". Mstari wa 74 anasema "I know not the man". Mtu huyohuyo, usiku huohuo, maana ileile, sarufi mbili. Baadaye mtindo wa kwanza ndio ulioshinda. Huo wa pili unapendeza kanisani. Kwenye barua pepe ya kazi utaonekana unahubiri.

Dalili: "Do you are a teacher?", "Does he can drive?"

Hapa mkosaji ni "je". Kwetu "je" inakaa mbele ya swali lolote bila ubaguzi: je, wewe ni mwalimu? Je, anaweza kuendesha? Je, umekula? Mtu akishazoea kwamba "do" ndiyo "je", anaibandika kila mahali. Lakini "do" inaitwa tu pale ambapo sentensi haina mbebaji mwingine. "Are", "is", "was", "can", "will", "must" na "should" zinajibeba zenyewe, kwa hiyo unazivuta mbele tu: "Are you a teacher?", "Can he drive?"

"Have" ndiyo inayosumbua, kwa sababu inacheza pande zote mbili. Ikiwa inasema jambo limeshatendeka, inajibeba: "Have you eaten?" Ikiwa ni ya kumiliki, inataka msaada: "Do you have change?", kama abiria anavyomuuliza dereva wa bajaji. Ya kulazimika nayo ni hivyohivyo: "Do I have to pay now?"

Kuna mahali pamoja ambapo mbebaji anakubali kukaa na "be", umbo la msingi la "are", "is" na "was", nako ni kwenye kukataza na kusisitiza: "Don't be late", "Do be careful".

Dalili: "Who did paint these?"

Hii huwapata watu waliojifunza kanuni vizuri kupita kiasi. Wameambiwa swali la wakati uliopita linataka "did", nao wanatii. Chukua mfano wa mwongoza wageni wa Kolo kule Kondoa, kwenye ile michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Anataka kumuuliza mgeni nani alimwambia habari za Kolo, anasema "Who did tell you about Kolo?" Mgeni anasikia kama anabanwa: haya, sema, nani hasa aliyekuambia?

"Who" akiwa ndiye mtendaji, "did" haina kazi: "Who told you about Kolo?", "Who painted these?", "What happened?" Ila ukiuliza "Who did you meet at Kolo?", mtendaji sasa ni "you", na "did" inarudi. Ukibabaika, jijibu kimoyomoyo. Jibu likikaa mbele ya kitenzi, kama "My brother told me", liache swali bila "did".

Dalili: "He don't know", "Does she sells?"

Ile "s" ya nafsi ya tatu ni moja tu, na "does" imeshaichukua. "Does she sell?", "He doesn't know". Kwenye nyimbo za Kimarekani utasikia "he don't" kila siku. Ni lahaja yao, waachie.

Matamshi nayo yanaponza watu hapa. "Does" inatamkwa karibu na "daz" na "done" karibu na "dan". Anayetamka "does" kwa "o" ya "doa" anaeleweka, lakini kwa shida.

Dalili: unasema "I do wake up at five" na mtu anakutazama kama umemgombeza

Chanzo ni "huwa". Huwa naamka saa kumi na moja. Tunatafuta neno la kuibeba hiyo "huwa", tunaikuta "do" imekaa karibu. Kwa Mwingereza, "do" kwenye sentensi ya kawaida isiyo swali wala kanusho ni ya kubishana. Mtu amesema huamki mapema, wewe unamkatalia: "I *do* wake up at five!" Mhudumu wa hoteli akimwambia mgeni "We do serve breakfast from six", mgeni anajiuliza ni lini aliwahi kusema hawapiki.

Kitenzi chenyewe kinatosha: "I wake up at five", "We serve breakfast from six". Ukitaka "huwa" isikike, weka "usually". Na kama unabishana kweli, ibakize "do", utamke kwa nguvu. Ila "I did told you" bado ni kosa, kwa sababu ileile ya "sikulienda".

Dalili: "I did a mistake", "I make business"

Huu ndio ugonjwa mkubwa, na hauna sindano moja ya kuumaliza. "Fanya" yetu ni pana mno. Tunafanya kazi, tunafanya makosa, tunafanya uamuzi, tunafanya usafi, tunafanya mipango. Kiingereza kimeugawa upana huo kwa vitenzi viwili vikubwa, "do" na "make", halafu mabaki kikayagawia vingine.

Kipimo kinachosaidia mara nyingi ni kuuliza: baada ya kumaliza, kuna kitu ambacho mwanzo hakikuwepo? Kikiwepo, elekea "make". Chai, chapati, mpango, ahadi, uamuzi, kelele, fedha, na kosa pia, maana kabla yako halikuwepo. Ikiwa ni shughuli tu unayoipitia au uliyopangiwa, elekea "do": homework, the washing, the cooking, an exam, research, business, your best.

Mfano wa mkulima wa zabibu wa Hombolo unaweza kuukariri ulivyo: "I grow grapes and make wine. My wife does the accounts. We do business with two shops in town, and last year we made a little money." Wa Singida aondoe zabibu na mvinyo, aweke alizeti na mafuta, sarufi haitagoma.

Zipo zinazokaidi kipimo. "Make the bed" si kuunda kitanda, ni kukitandika. "Make a phone call" ni kupiga simu. "Do damage" ni kuharibu, ingawa uharibifu unabaki unaonekana. Usipoteze jioni ukitafuta sababu. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga picha na tunapiga hodi. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuuliza katika yote hayo ni nani anayepigwa, utamjibu nini? Ndivyo tunavyosema. Kwa hiyo usijifunze "do" peke yake na "make" peke yake. Andika daftarini pamoja na nomino yake, kama mtu anayejifunza Kiswahili anavyolazimika kuandika "piga pasi".

"Fanya" ya kusababisha ni ya "make" moja kwa moja. Mvua ilinifanya nichelewe: "The rain made me late." Hadithi ilinifanya nilie: "The story made me cry", bila "to" kabla ya "cry". "It did me to cry" haimo popote.

Na "nifanyie"? Usiifupishe kuwa "do me". Kiambishi chetu cha kutendea hakina mwenzake pale, na "do me" ikisimama peke yake ina maana ya chumbani. Sema "Do this for me, please". "Do me a favour" ni sawa kwa sababu "favour" imefuata.

Dalili: umejibu "Yes", mtu akafanya kinyume

Mapokezi ya nyumba moja ya wageni, asubuhi. Mgeni ameshuka na begi, anauliza "Didn't the driver come?" Dada wa mapokezi, kwa adabu zote, anajibu "Yes, madam." Mgeni anaburuta begi hadi nje ya geti, anasimama juani, barabara nyeupe. Anarudi amekunja uso: si umesema amekuja? Dada anashangaa. "Yes, madam. He didn't come."

Wote wako sahihi, kila mmoja kwa lugha yake. "Ndiyo" ya Kiswahili inakubaliana na kauli ya aliyeuliza: hakuja? Ndiyo, hakuja. "Yes" ya Kiingereza haijali swali limeulizwaje, inafuata jambo lenyewe. Kama dereva amekuja ni "yes", kama hajaja ni "no", hata swali liwe limekanushwa.

Kubadili mazoea ya utotoni si jambo la siku moja. Kwa hiyo usimwachie mtu "yes" au "no" tupu. Iongezee mkia wa mbebaji: "No, he didn't." "Yes, he did." Mkia ndio utakaokuokoa, kwa sababu hata ukikosea neno la kwanza, la mwisho litasema ukweli. Mkia huohuo ndio unaotakiwa kwenye "Do you live here?", ambapo wengi hujibu "Yes, I live" na sentensi ikabaki hewani. Sema "Yes, I do".

"Do you mind if I sit here?" iwekee alama nyekundu. Anauliza kama itakukera akikaa. Ukisema "Yes, yes, sit!" umemwambia itakukera, kisha umemkaribisha. Jibu la ukarimu ni "Not at all".

Na ile "isn't it?" tunayoibandika mwisho wa kila kitu kama "si ndiyo?": "You live in Kikuyu, isn't it?" Kwenye mazungumzo sioni haja ya kumsumbua mtu nayo. Kwenye mtihani, mkia unafuata mbebaji: "You live in Kikuyu, don't you?"

Dalili: swali la kwanza la usaili linakuangusha

Umeulizwa "What do you do?", ukajibu "I am sitting here". Umelisikia kama "What are you doing?", ambalo linauliza ya sasa hivi. "What do you do?" linauliza unaishi kwa shughuli gani. "I'm an accountant" inatosha kabisa, neno "do" halihitajiki kwenye jibu. Huna ajira bado? Sema yaliyopo: "I finished my diploma last year. I'm looking for work, and I help in my aunt's shop."

"How do you do?" si swali, ingawa limevaa alama ya kuuliza. Ni salamu ya mara ya kwanza, jibu lake ni "How do you do?" vilevile, na siku hizi utaisikia kwa nadra. "How are you doing?" ndiyo "habari yako", ijibu kama habari yako.

Dalili: kila neno unalijua, lakini sentensi hujaielewa

Mnada wa Msalato, moshi umetanda, kijana anakata nyama. Mgeni anaelekeza kidole kwenye ubavu wa mbuzi, anasema "Well done, please." Kijana anatabasamu, anajibu "Thank you, sir", anaendelea kukata. Mwenzake anamuuliza, "Kaka, amesemaje?" "Ametupongeza." Nyama inaletwa bado ina damu kwenye mfupa.

"Well done" ni hongera, kweli. Lakini mbele ya jiko ni agizo: nyama iive kabisa. "Done" kwenye chakula ni kuiva, na kwenye kazi ni kumaliza: "Are you done?" ni "umemaliza?"

Nyingine za kundi hili, zitazame kama maneno mazima. "That will do" unapommiminia mtu chai maana yake inatosha, acha; mzazi akimwambia mtoto mtundu, ni onyo. "Will this do?" ni "hii itafaa?" "I could do with a cold soda" haina uwezo wala kutenda, ni soda baridi ingenifaa sana sasa hivi. "Do without" ni kuishi bila kitu, "make do" ni kujibana na kilichopo, "do away with" ni kufuta. Na "It has nothing to do with you" ni "haikuhusu", pamoja na ukali wake wote, kwa hiyo angalia unamwambia nani.

Dalili: barua ya ofisi ina "do" kila mstari

Tangu Serikali ihamie Dodoma, barua za Kiingereza zinazoandikwa mji huu zimekuwa nyingi, na ndani yake "fanya" imetafsiriwa kwa nguvu. Mkutano hauwi "do a meeting", ni "hold a meeting". Kosa la jinai ni "commit". Ziara unai-"pay" au unai-"make". Sherehe ni "have". Utafiti unaweza kuwa "do research", ila kwenye ripoti "conduct" inakaa vizuri zaidi.

Halafu kuna "Kindly do the needful", ambayo kila mtumishi ameiona. Humu ndani inaeleweka na sina ugomvi nayo. Lakini Mwingereza au Mmarekani wa leo akiipata, kwanza ataiona ya kizamani, pili hatajua unataka afanye nini hasa, maana "needful" haijasema. Ikiwa barua inatoka nje ya nchi, taja kitendo chenyewe na siku yake: "Please sign both copies and return one to us by Friday."